Wasomaji Wanauliza: Kombi, Kozi na Vyuo Baada ya Kidato cha Nne

*Matokeo yangu: Biolojia B, Jiografia B, Kiswahili B, Kemia C, Hisabati C, Kiingereza C, Fizikia D. Mama anataka nisome PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) niwe daktari. Mimi navutiwa na mashine za hospitali, namna zinavyofanya kazi na zinavyotengenezwa. Nibadilishe kombi (masomo matatu ya kidato cha tano) kwenye Selform, ile fomu ya mtandaoni ya machaguo?*
— Msichana, Morogoro

Mwanangu, tuanze na hesabu. Kidato cha nne A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4. Ili upangiwe kidato cha tano unatakiwa uwe na kredi tatu, yaani A, B au C, nje ya masomo ya dini. Masomo matatu ya kombi nayo yasizidi pointi 10, na lisiwemo lenye F. Kwako PCB ni 4+3+2, jumla 9. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ni 10, umegusa ukingo. CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) ni 7. Zote zinakubalika, ila nafasi hugombewa, na mwenye 9 yuko nyuma sana ya mwenye 3.

Tatizo lako ni Fizikia. D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44, wakati D ya kidato cha sita inaanzia 50. Digrii ya udaktari wa binadamu inadai angalau D kwa kila somo katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na jumla isiyopungua pointi 6. (Huko juu pointi hugeuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, kwa hiyo kubwa ndiyo nzuri. Wazazi wengi hupotelea hapa.) Tena hizo 6 ni ruhusa ya kuomba tu, wanaochaguliwa huwa na zaidi.

Kukimbilia PCM hakukwepeshi Fizikia, kunakuongezea Hisabati ya juu. Ukienda PCB, kozi nyingi za uhandisi unaziaga, kwa sababu ile BAM (hisabati ya msingi) wanayosoma watu wa PCB haihesabiki kuwa Hisabati ya juu. CBG ni nyepesi kwako, lakini inafunga udaktari na uhandisi kwa pamoja. Inabaki mazingira, kilimo na ualimu.

Ipo njia ambayo hukuitaja: stashahada ya vifaa tiba, yaani mashine hizo hizo za hospitali. DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) inayo, na Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha umeme pamoja na vifaa tiba. Unaingia kwa matokeo ya kidato cha nne, unasoma miaka mitatu, na ukimaliza kwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba digrii. Kwa matokeo haya na mapenzi hayo, sisi tungeanzia hapo. Mama naye aelezwe kwamba mashine ya eksirei ikikaa miezi bila fundi, daktari anabaki kukisia.

Dirisha la kubadili likifunguliwa, ingia mwenyewe. Usimwachie kijana wa steshenari nywila yako akuchagulie. Hakikisha shule unayoiweka inafundisha kombi hiyo kweli. Tangu 2024 tahasusi, yaani kombi, zimetoka 16 zikafika 65, na hakuna shule yenye zote. Ukimaliza hifadhi, kisha fungua upya uone kama mabadiliko yameshika. Wengi huishia kubadili kwenye skrini tu.

*Kijana wangu amepata daraja la nne, pointi 28 kwa masomo saba bora: Kiswahili C, kisha D tano (Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza, Biolojia). Hisabati, Fizikia na Kemia F. Chuo kimoja cha binafsi kimesema kitampokea uuguzi tukilipa nusu ya ada wiki hii. Tulipe?*
— Mama, Tabora

Usilipe, mama. Uuguzi na utabibu vinahitaji ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, katika ufaulu usiopungua masomo manne yasiyo ya dini. Mwanao ana Biolojia peke yake. Chuo kinaweza kumpa kiti darasani, lakini udahili lazima uhakikiwe na NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi), na hapo ndipo jina linapokwama, ada ikiwa imeshaliwa. Chuo chochote kiombeni namba ya usajili, kisha angalieni kwa NACTVET kama chuo kimesajiliwa na kama *kozi hiyo* imeidhinishwa. Ni mambo mawili tofauti, na matapeli hujificha katikati yake.

Hata hivyo ana ufaulu wa masomo sita, si haba. Astashahada ya maendeleo ya jamii au utunzaji wa kumbukumbu huanzia kwenye ufaulu wa masomo manne. VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, nako kuna umeme wa majumbani, uchomeleaji na ufundi magari. Kama moyo wake uko hospitali kabisa, arudie Kemia na Fizikia kama mtahiniwa binafsi. Kabla ya kujisajili kituoni, mwulize mkuu wa kituo mazoezi ya maabara yatafanyika wapi, maana wengi huyagundua mtihani ukiwa mlangoni.

*Tunaandaa siku ya taaluma kwa kidato cha nne. Tualike nani?*
— Mwalimu wa unasihi, Lindi

Mwalimu, kidato cha nne mmechelewa. Wafanyieni kidato cha pili, kabla hawajaanza cha tatu, ambako shule nyingi huwaruhusu kuacha Fizikia na Kemia. Mtoto anayeziacha kwa kuogopa hesabu amefunga uuguzi, utabibu na maabara akiwa na miaka kumi na tano, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Wageni wawe watu wanaopatikana wilayani: nesi, afisa ugani, fundi umeme, mhasibu wa halmashauri. Rubani atapigiwa makofi na kusahauliwa. Kila mgeni ajibu maswali manne: ulisoma masomo gani, ulipata alama gani, chuo kilichukua muda gani na ada kiasi gani, na Jumanne ya kawaida unafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi. Hotuba dakika kumi, zinazobaki ni za wanafunzi, na maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina. La sivyo watauliza wale watatu wa kila siku.