Ree mbili nazo hufungwa

Kaka, umeandika kwamba jana kwenye poka uliweka pesa zote ukiwa na ree mbili (karata za A), ukafungwa na mwenye wafalme wawili (karata za K), ukauliza kama ulikosea. Hapana, hukukosea. Dhidi ya wafalme wawili, pesa zikiingia kabla ya karata za mezani, zile za wote, kufunuliwa, ree hushinda takriban mara 82 katika 100. Hizo 18 zilizobaki lazima zimwangukie mtu, na jana zilikuangukia wewe. Si mkosi, wala mgawaji hakukuchezea. Ulipoharibu ni pale ulipoandika mwenyewe kwamba mikono (yaani michezo) mitatu iliyofuata uliingia na karata za ovyo "nirudishe changu". Hela yako ilikwenda hapo.

Nasema hivi kwa kuwa nimeyapitia. Sisi hapa Ngamiani, Tanga, tunacheza poka barazani kwa vizibo vya soda, na hata vizibo vinauma! Nikifungwa vile nainuka, nakunywa kahawa kikombe kimoja, mikono miwili mitatu inipite.

Ila hiyo 82 ni ya mpinzani mmoja mwenye wafalme. Wakiingia wanne, hata wawe na karata zozote zile, ree zako hushuka hadi kama 56, kwa hiyo pandisha dau mapema wapungue.