Kiti cha nyuma ya kaunta: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeipata barua yako. Unasema kwenye somo la historia ya Marekani kila mmoja wenu amepewa mwanamke wa karne ya 19 wa kumwelezea mbele ya darasa, nawe umeangukiwa na Josephine Shaw Lowell wa New York, aliyeshughulikia misaada ya maskini na haki za wanawake wafanyakazi. Halafu unauliza: je, msiba ndio uliomfanya kiongozi, au angekuwa kiongozi hata kama kaka na mume wangerudi salama kutoka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani?

Mimi nasema msiba haukumfundisha kazi. Ulimfungia mlango mmoja wa maisha, basi. Kazi aliijifunza polepole, kwa kukagua na kuhesabu, na kwa miaka mingi aliikosea pia. Ukimpamba kama malaika wa huzuni utawapoteza wenzako.

Anza na tarehe, maana watu huzivuruga. Kaka yake, Kanali Robert Gould Shaw, aliongoza Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi chini ya maofisa weupe, akauawa tarehe 18 Julai 1863 wakiishambulia ngome ya Wagner, South Carolina. Alizikwa shimo moja na askari wake. Palipozuka mpango wa kuufukua mwili, baba yao aliandika kuomba aachwe palepale na watu wake. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Josephine akaolewa na Charles Russell Lowell, kanali wa kikosi cha wapanda farasi, akamfuata kambini Vienna, Virginia. Tarehe 19 Oktoba 1864, vitani Cedar Creek, risasi ilimgonga Lowell kifuani ikamkausha sauti. Alilala chini akisubiri. Ulipofika wakati wa shambulio la mwisho alipandishwa farasi, akitoa amri kwa kunong'ona, akapigwa tena. Akafa kesho yake. Mjane alikuwa na miaka 20 na mimba kubwa. Binti yao Carlotta alizaliwa tarehe 30 Novemba, siku 41 baada ya kifo cha baba yake. Kaka na mume, ndani ya miezi 15.

Sasa tazama kilichotangulia. Vita vilipoanza 1861 Josephine alikuwa na miaka 17, akaingia kwenye chama cha wanawake wa New York kilichokusanya nguo na bandeji za hospitali za jeshi. Kwa hiyo mazoea ya kazi ya umma yalikuwepo kabla ya matanga. Kuna pia barua ambayo mumewe alimwandikia rafiki yake Henry Higginson, mwezi mmoja na kitu kabla ya kufa, akimwonya asijitajirishe, bali awe raia mwenye manufaa, maana ushujaa wa raia wa namna hiyo hauna makeke na bila huo nchi haitadumu. Wengi hudhani Josephine aliishi akiutimiza wosia huo. Huenda. Lakini wosia haukueleza afanye nini Jumatatu asubuhi.

Usiache kutaja na fedha. Alirudi kwa wazazi wake Staten Island, na wazazi walikuwa matajiri. Alikuwa na paa, na watu wa kumsaidia kulea. Hakuolewa tena, akavaa nyeusi maisha yake yote, lakini hakuwahi kujiuliza mtoto atakula nini. Mjane mwenzake aliyekuwa akishona mashati kwa kulipwa kwa kipande alikuwa na huzuni ileile na hakuna kamati iliyomwita.

Kazi yenyewe ilianza kwa ukaguzi: shule za watu waliotoka utumwani kule Virginia baada ya vita, kisha jela na nyumba za maskini za kaunti. Mwaka 1876 Gavana Samuel Tilden akamteua kwenye Bodi ya Misaada ya Jimbo la New York, mwanamke wa kwanza kuketi humo. Alikaa miaka 13. Mtindo wake ulikuwa mmoja: nenda mwenyewe, fungua daftari la nyumba ya maskini, nakili. Nani aliingia, ana umri gani, mama yake naye alizaliwa wapi, amerudi mara ngapi. Taarifa yake ya 1879 kuhusu wanawake vijana waliokuwa wakiingia na kutoka kwenye nyumba hizo, kila safari na mtoto mwingine, ilijaa visa vilivyoandikwa kwa ukavu kimoja baada ya kingine. Wabunge walikuwa wamezoea hotuba za huruma. Hawakuwa wamezoea orodha. Mwaka 1887 jimbo likafungua taasisi ya wanawake pekee mjini Hudson, wakiwa chini ya wasimamizi wanawake, badala ya kuchanganywa na wanaume kwenye jela za kaunti.

Hapa ndipo umseme kwa haki, mwanangu, na si kwa sifa tupu. Daftari hilohilo lilimfikisha mahali pabaya. Aliona umaskini ukijirudia katika familia moja, akahitimisha kwamba ni tabia inayorithiwa, akaunga mkono wanawake walioitwa wapungufu wa akili wafungiwe miaka yote ya uzazi wao. Wakati mwingine mtu huhesabu vizuri akasoma vibaya: takwimu zilimwonyesha nani yumo ndani ya nyumba ya maskini, hazikumwonyesha ujira uliomsukuma kuingia.

Kosa hilo limo pia kwenye Jumuiya ya Kuratibu Misaada aliyoiasisi New York mwaka 1882. Jumuiya haikugawa fedha. Ilitunza rejista kuu ya familia zote zilizosaidiwa na makanisa na vyama mbalimbali, ili mtu asichukue kapu tatu kwa milango mitatu, na ilituma wageni wa kujitolea kutembelea nyumba. Baadaye ikawa na kiwanja cha kuni: mtu akija kuomba mlangoni kwako unampa tiketi badala ya senti, aende akapasue kuni alipwe. Kwenye karatasi inapendeza. Mlangoni ni jambo jingine: mama mwenye njaa anasubiri mgeni aliyevaa vizuri amalize maswali yake, na mgeni hana hata mkate mkobani. Maskini waliichukia, na sioni ajabu.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni la 1889. Alijiuzulu kwenye Bodi. Katika barua kwa wifi yake Annie, mjane wa Robert, alieleza kwamba kama watu wa kazi wangepata wanachostahili, maskini wa kuombaomba na wahalifu wasingekuwepo. Afadhali kuwaokoa kabla hawajazama kuliko kumaliza maisha ukiwavua wakiwa nusu wamezama. Akataja hesabu: wafanyakazi wa ujira 500,000 mjini, 200,000 kati yao wanawake, na 75,000 kati ya hao katika hali ya kutisha au kwa ujira wa njaa. Alikuwa na miaka 45, mwenye jina na cheo, akahamia upande wa pili wa tatizo. Watu wa hadhi yake hawakuwa wakifanya hivyo.

Mwaka 1890 Alice Woodbridge wa Chama cha Wanawake Wafanyakazi alikuwa ameandaa taarifa kuhusu hali ya kazi madukani. Wasichana walisimama kutwa, walikatwa faini kwa kuchelewa dakika chache, na msimu wa Krismasi walifanya kazi hadi usiku bila nyongeza. Watoto walitumwa mbio kati ya kaunta na mtunza fedha, kupeleka noti na kurudisha chenji. Kutokana na taarifa hiyo kikazaliwa Chama cha Wanunuzi cha New York, Josephine akiwa rais wake wa kwanza. Silaha yao ilikuwa kadi: sifa za duka la haki. Ipigie nakala uwagawie darasani, ina maana kuliko picha yoyote ya bibi aliyevaa nyeusi.

Kadi ilidai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, awe mwanamume au mwanamke. Mwanamke mzoefu asipate chini ya dola 6 kwa wiki, na watoto wa kupeleka fedha wasipate chini ya dola 2. Mshahara ulipwe kila wiki. Faini zikitozwa ziingie kwenye mfuko wa wafanyakazi wenyewe, maana duka linalobaki na faini litatafuta makosa. Kazi iwe saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na dakika 45 za kula. Nusu siku ya mapumziko kila wiki kwa angalau miezi miwili ya kiangazi, na likizo ya wiki moja yenye malipo. Muda wa ziada ulipwe. Asiajiriwe mtoto wa chini ya miaka 14.

Sasa angalia kipengele cha viti, uone jicho la mtu aliyezoea ukaguzi. Sheria tayari iliagiza maduka yaweke viti vya wauzaji wanawake. Viti viliwekwa. Lakini msichana aliyekikalia alionekana mvivu na angeweza kupoteza kazi, kwa hiyo kiti kilikaa kama pambo. Kadi haikuishia kusema viti viwepo. Iliongeza kwamba ruhusa ya kuvikalia itolewe. Maneno hayo machache hayaandikwi na mtu ambaye hajasimama dukani akatazama.

Duka lililotimiza masharti liliingizwa kwenye Orodha Nyeupe, na wanachama wakahimizwa kununua humo. Kwa nini nyeupe, si nyeusi? Kutangaza wabaya kungewaingiza kwenye kesi za kashfa na kula njama; kuwasifu wema hakuna mwanasheria wa kukuzuia. Orodha ya kwanza, 1891, ilikuwa na maduka 8 tu katika jiji zima.

Udhaifu wake? Orodha ilitegemea wanunuzi wenye uwezo wa kuchagua, na wengi walifuata bei. Pia ilikagua duka, si mahali nguo iliposhonwa. Blauzi ya duka la haki ingeweza kutoka kwenye chumba cha kushonea kisicho na hewa. Ndiyo maana chama cha kitaifa cha wanunuzi kilichoundwa 1899, Florence Kelley akiwa katibu mkuu, kilianzisha lebo ya kushonewa kwenye nguo yenyewe, kuonyesha imeshonwa mahali pa haki. Sheria ya maduka ya 1896 nayo iliweka kikomo cha saa 60 kwa wiki kwa wasichana wa chini ya miaka 21, lakini ikasimamisha kikomo hicho kuanzia 15 Desemba hadi Mwaka Mpya, yaani wiki zilezile walizoteseka zaidi, tena usimamizi wakapewa watu wa bodi za afya waliokuwa na kazi zao nyingine.

Ukibakiwa na dakika, mtaje Maud Nathan. Mwaka 1895 alifiwa na mtoto wake wa pekee, binti wa miaka 8. Josephine, aliyeyajua matanga, alimsukuma aongeze kazi kwenye chama, na kuanzia 1897 Maud akawa rais wake kwa miaka mingi. Kwa swali lako, huu ndio ushahidi wa karibu zaidi: msiba ulimkuta mtu ambaye kazi tayari anaijua, na penye kazi ya kufanya.

Josephine alifariki 12 Oktoba 1905. Mwaka 1912 New York ikamjengea chemchemi ya mawe, na leo iko Bryant Park, upande wa barabara ya sita. Ukipata picha yake ya mchana wa kiangazi, tazama pembeni: viti vya kuhamishika vimetapakaa, na yeyote anakaa.

Niandikie ukishawasilisha. Baba yako anakusalimu.

Mama yako