Barua kwa mwanangu kuhusu uraia na riwaya za Waayalandi

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua uliyoniandikia kutoka Boston baada ya kumaliza riwaya ya Colm Tóibín iitwayo Brooklyn. Unauliza kwa nini Eilis Lacey, aliyekwisha kuolewa Marekani, anaporudi Enniscorthy, mji wa kwao Ayalandi, anaishi kama msichana asiye na mume, na kama hapo yeye ni Mwayalandi au Mmarekani. Najua swali hilo linakugusa wewe mwenyewe, kwa kuwa unafikiria kuomba uraia wa huko, na sheria yetu ya Tanzania kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Nionavyo mimi, Eilis amepotea kwa sababu ya lile analolificha. Hamtaji kwa watu wa kwao mumewe Tony, yule fundi bomba mwenye asili ya Italia, na kadiri anavyonyamaza ndivyo Brooklyn, mtaa wa New York alikoolewa, inavyofifia moyoni mwake na Jim Farrell, kijana wa Enniscorthy, anavyozidi kuonekana mchumba halali. Anayeivunja kimya hiyo ni Miss Kelly, mwenye duka, ambaye habari zimemfikia kupitia jamaa yake aliyeko Brooklyn. Laiti Eilis angesema mapema, bado angeumia, lakini angekuwa mtu mmoja pande zote mbili za bahari.

Kiapo chenyewe cha uraia ni jambo jingine. Waayalandi wa karne ya 19 walipoapa kuwa raia wa Marekani, sheria iliwataka wamkane kwa jina mtawala waliyekuwa chini yake, naye kwa wengi wao alikuwa Malkia Victoria wa Uingereza. Ayalandi haikuwa na dola yake hadi 1922, kwa hiyo wengi waliikana serikali wasiyoipenda na nchi yao wakabaki nayo. Wewe utaiacha jamhuri yako mwenyewe, na sitaki ujifariji kwa mfano wao kana kwamba mambo hayo mawili yana uzito mmoja.

Ukipata nafasi, msome mwandishi Mary Anne Sadlier, mzaliwa wa Cootehill huko Ayalandi aliyehama mwaka 1844, mwaka uleule ambao makanisa ya Kikatoliki yalichomwa moto Philadelphia na watu waliowachukia wageni. Wasomaji wake wengi walikuwa wamefukuzwa kwao na Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja. Katika riwaya yake ya 1855 kuhusu familia mbili za New York, akina Flanagan wanawapeleka watoto wao shule ya Kikatoliki, ilhali akina Blake wanampeleka mwana wao shule ya serikali, naye anakua akiionea haya asili ya wazazi wake. Sadlier anahubiri mno, na wema na waovu wake wanatambulika tangu ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, hofu ya mzazi anayeona mtoto akimwonea haya ni ya kweli, nami naielewa.

James T. Farrell, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Ayalandi, ndiye anayenisumbua zaidi. Mhusika wake Studs Lonigan, katika vitabu vitatu vya 1932 hadi 1935, amezaliwa Chicago wala hajaiona Ayalandi, na Uayalandi wake umebaki kuwa mipaka ya mtaa na chuki dhidi ya Weusi wanaohamia humo. Wajukuu wa watu waliotukanwa wakawa watukanaji, na wakadhani huko ndiko kuwa Wamarekani. Sura hizo zisome polepole, kwa sababu wewe mwenyewe utahesabiwa miongoni mwa hao Weusi kabla hujafungua kinywa.

Uamuzi wa kuapa ni wako, nami sitakuzuia. Ila ukiamua, mpigie simu bibi yako umweleze kwa kinywa chako kabla hajaisikia habari hiyo kwa majirani.

Ni mimi baba yako.