Muulize Afande: Ndege zimeshatua, nani anampangia mgeni mtaa wa kuchimba?

*Afande ni mstaafu wa zimamoto na uokozi, anaishi Unguja Mjini. Kila toleo anajibu barua za wasomaji.*

Afande, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani Wete. Tetemeko la Uturuki la 2023 lilinikuta niko kidato cha nne, tukikusanyika kwa jirani kutazama habari. Kila usiku tunaambiwa nchi fulani imepeleka watu na mbwa, nchi fulani imepeleka ndege mbili. Baba akauliza, hao wote wakishashuka, nani anawapanga? Hakuna aliyemjibu, na mpaka leo huniuliza mimi kwa kuwa nasoma. La pili langu mwenyewe: vijana kama sisi tunaweza kufunga safari kwenda kusaidia?
*Binti wa Wete*

Marahaba mwanangu. Nisalimie baba. Watu wengi huuliza wamekufa wangapi, yeye kauliza nani anapanga, na hapo ndipo roho za watu zinapookolewa au kupotea.

Mwenye shughuli ni nchi iliyopigwa. Wewe ni wa Wete, umeona harusi kubwa: mgeni hata akiwa mpishi hodari hajiingilii jikoni akakamata mwiko. Uturuki ilipigwa tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, na saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo sisi tulikuwa bado tumelala. Ukubwa 7.8. Mchana wa siku hiyo hiyo, saa saba na dakika 24, likaja la pili la 7.5. Kule Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 53,000. Asubuhi ile serikali yao ilitangaza tahadhari ya daraja la nne, ambayo maana yake ni kwamba tunaomba msaada wa nje. Bila neno hilo, timu ya kigeni hukaa kwao na mabegi mlangoni.

Zamani haikuwa hivyo. Mexico mwaka 1985 na Armenia Disemba 1988 zilikwenda timu kutoka kila upande, kila moja na lugha yake, vifaa vyake na namna yake ya kuchimba, pasi na mtu wa kuwaunganisha. Ndipo mwaka 1991 nchi zikaunda mtandao wa kushauriana na kuwekeana taratibu za utafutaji na uokozi, unaoitwa kwa kifupi INSARAG. Ofisi yake iko Geneva, ndani ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu. Mwaka 2002 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaziunga mkono taratibu hizo kwa azimio namba 57/150.

Sasa nakuja kwenye meza. Ndiyo, meza. Mpangilio wote unaanzia kwenye meza ya mapokezi pale uwanja wa ndege, na ile timu ya kwanza kutua, ikiwa imefunzwa, ndiyo inayoifungua kwa ajili ya wanaokuja nyuma. Wanaitandika kabla hawajanyanyua hata jiwe moja. Mtu asiyejua atawaona wavivu.

Mimi nimekaa kwenye meza hiyo mara moja, tena katika zoezi tu. Miaka yangu yote ya kazi sikuona tetemeko la kuangusha mji, alhamdulillahi. Zoezi lilikuwa bara, katika banda la uwanja mdogo wa ndege: meza ya plastiki, daftari mbili, chupa ya chai. Kazi yangu kuuliza na kuandika. Mmetoka nchi gani, watu wangapi, mbwa wangapi, vifaa tani ngapi, chakula na maji mliyobeba ni ya siku ngapi, mnahitaji mafuta gani, gari mnayo au hamna. Ikaja timu ya watu sitini na kitu. Kiongozi wao mama mmoja mrefu, mpole, anajibu upesi upesi. Nikaandika watu, nikaandika mbwa, simu yake ikalia, mimi kwa ukarimu wetu huu wa Kizanzibari nikamwambia karibu, piteni. Nikawapa basi.

Robo saa baadaye msimamizi akaja kupitia daftari. "Tani ngapi?" Nikatazama, pale pa tani peupe. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya banda. Masanduku yamepangwa kama magunia ya karafuu yanayosubiri meli, zaidi ya tani ishirini: misumeno ya kukatia zege, jeki, jenereta, mbao za kuegemezea kuta. Watu wangu wamekwenda mjini mikono mitupu, na lori la kubebea masanduku nilikwisha kuligawa kwa wengine. Katika hadithi ya zoezi lile kulikuwa na watu wawili hai chini ya skuli. Nikaambiwa kwa upole kwamba nimeshawazika.

Wakitoka mezani hapo wanapelekwa kwenye kituo cha uratibu. Huko mji umekatwa vipande, kila kipande kimepewa herufi, na kila jengo lililoanguka ndani yake linapewa namba. Kwa hiyo timu haiambiwi "nendeni mjini mkasaidie", inaambiwa nendeni C-5. Anayesema hivyo ni mamlaka ya maafa ya nchi yenyewe, wageni wakimsaidia kupanga. Uturuki mamlaka hiyo inaitwa AFAD.

Na mlango ukiwa mwembamba, hata kupanga kunakwama. Nepal ilipopigwa na tetemeko Aprili 2015, uwanja wa Kathmandu ulikuwa na njia moja tu ya kurukia ndege. Ndege zilizojaa misaada zikawa zinazunguka angani, nyingine zikageuza kurudi India. Nadhani hilo ndilo lililoitia Moroko hofu Septemba 2023, nayo ilipopigwa ikakubali timu za nchi nne tu: Hispania, Qatar, Uingereza na Umoja wa Falme za Kiarabu. Ililaumiwa sana. Mimi siwezi kumlaumu mwenye nyumba kwa kuhesabu viti vyake, ingawa ningekuwa na ndugu kule milimani pengine ningesema mengine. Vijiji vile nyumba zake nyingi ni za udongo, na za udongo zikianguka husagika. Hazimwachii mtu upenyo wa kupumua kama zinavyoacha zege na nondo. Wanaochimbuliwa hai ni wachache hata waje wachimbaji wa dunia nzima.

La kwako sasa: hapana, mwanangu, msiende. Timu zinazoitwa zimepimwa na kupewa madaraja. Ya daraja la juu, inayoitwa timu nzito, lazima iweze kufanya kazi sehemu mbili kwa wakati mmoja, usiku na mchana, siku 10, ikila chakula chake na kulala kwenye mahema yake. Kijana mwenye moyo na kamba, akifika pale, ni mdomo mwingine wa kulishwa na mji usiokuwa na mkate.

Lakini usidhani udogo ndio kikwazo. Haiti ilipopigwa Januari 12, 2010, miongoni mwa timu za mwanzo kabisa kutoka nje walikuwa watu wa Iceland. Kisiwa kile chote hakina watu 400,000. Zanzibar tulihesabiwa 2022 tukapita milioni moja na laki nane. Tena wale waokozi ni wa kujitolea, wana kazi zao nyingine. Walikuwa wamejiandaa miaka kabla ya siku yenyewe, basi.

Na kwa siku za mwanzo anayemtoa mtu hai ni jirani, popote pale duniani. Sisi tunalijua hilo tangu Septemba 10, 2011, Spice Islander ilipozama na wavuvi wa Nungwi wakatoka na vyombo vyao. Wewe anza hapo ulipo. Jifunze huduma ya kwanza, umuulize na sheha wako ana orodha ya wagonjwa na wazee wasioweza kutembea. Kama hana, mwandikie.

Afande, mimi fundi rangi wa Makunduchi. Katika picha za matetemeko naona kuta zimepulizwa rangi: visanduku, V kubwa, L-2, D-1. Ni nini?

Fundi mwenzangu wa ngazi, umeniuliza ninachokipenda. Kisanduku ni kama hati ya jengo. Upana wake ni zaidi ya mita moja kidogo, ndani mnaandikwa namba ya jengo, jina la timu, tarehe, na kiwango cha utafutaji kilichomalizika, kuanzia 1 mpaka 5. Kiwango cha 1 ni kupita na gari kutazama mji umeumia wapi. Cha 3 ni kutafuta haraka. Cha 5 ni kulimaliza jengo lote hadi maiti ya mwisho. Timu nyingine ikija usiku, haijui hata neno la lugha ya waliotangulia, inasoma ukuta na kuendelea pale walipoachia. Kazi ikikwisha, kisanduku kinapigwa mstari wa katikati.

V huwekwa karibu na mahali alipo mtu. L-2 ni hai wawili, D-1 ni maiti mmoja. Akitolewa mmoja hai, L-2 inakatwa na chini yake inaandikwa L-1. Hawafuti, wanakata tu, ili aonekane aliyetoka.

Hizo za macho. Za masikio ni filimbi. Mlio mmoja mrefu: simameni, nyamazeni. Mitatu mifupi: tokeni haraka. Mmoja mrefu na mmoja mfupi: rudini kazini.

Huo wa kunyamaza nimeujua thamani yake hapa hapa Mji Mkongwe. Ukuta wa nyumba ya zamani, mawe na chokaa, boriti zimeoza, ulimwangukia fundi. Tulipofika uchochoro umejaa watu, kila mmoja anamwita kwa jina, wengine wanasoma dua kwa sauti, vespa inanguruma. Sisi wenyewe tunapiga kelele za kuwanyamazisha. Bibi mmoja aliyekaa barazani akavua kiatu akakigonga kwenye mlango wa mbao, mara moja tu, kwa nguvu. Pakawa kimya. Ndipo tukasikia tok, tok, tok, upande wa kushoto, na sisi tulikuwa tumeshaanza kuchimba kulia. Alikuwa anagonga kwa mwiko wake wa kupigia lipu. Alitoka na mguu umevunjika.

Mzee wangu, hawa mbwa wa waokozi wakiingia nyumba ya Muislamu, inakuwaje?
*Msomaji, Jang'ombe*

Wanaingia, na Uturuki waliingia kwenye nyumba za Waislamu mchana na usiku. Mbwa yule hagusi mtu. Anatembea juu ya kifusi kichwa chini, akipata harufu ya mtu anabweka palepale. Kisha analetwa wa pili, ambaye hakumwona wa kwanza alipobwekea. Naye akibweka pale pale, vifaa vinaletwa. Kunusa kwake kunafika pasipofika kamera wala masikio yangu.

Kuhusu kujitwaharisha, mara saba na moja ya udongo, muulize imamu wako. Mimi nilikuwa mtu wa mipira ya maji.