Fuso inamisi mlimani, tambarare inatulia

Kaka, kwa maelezo yako kwamba Fuso inamisi (inakatakata, silinda haichomi vizuri) ikipanda mlima na kutulia tambarare, usikimbilie kununua nozeli, yaani kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda. Kwenye dizeli za pampu ya zamani, kumisi kunakokuja na kuondoka mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye mafuta. Badilisha filta ya dizeli kwanza, kisha funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, piga resi uangalie. Ukiona mapovu, kuna mahali panavuta hewa kuanzia kwenye tangi: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au washa (pete bapa) za kopa zilizochoka. Hizo washa weka mpya, usirudishe zilezile.

Hakuna mapovu? Ngoja imisi, kisha bila kukanyaga mafuta legeza nati za mabomba ya nozeli moja moja. Silinda ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo yenye shida. Hamishia nozeli yake silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, umeipata.

Ila nakuomba sana, kama injini ni ya komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote) usilegeze bomba lolote ikiwa inawaka. Presha yake hupita baa 1,000, na dizeli hutoboa ngozi ikaingia mwilini. Hiyo ipimwe kwa mashine.