Ukitaka Kumwandika Baba, Anza na Waliomjua Nje ya Nyumba

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Muheza ambaye baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amefariki dunia, na familia imemkabidhi kazi ya kuandika maneno ya kusomwa siku ya arobaini. Anauliza aanzie wapi. Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu kazi hiyo hiyo niliwahi kupewa mimi, nami niliiharibu mbele ya watu waliompenda baba yangu.

Baba alifia hapa Tanga na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Katika watoto wake mimi ndiye niliyesoma zaidi, hivyo hapakuwa na mjadala kuhusu nani ataandika. Niliandika kwa usiku mmoja tu. Nilitaja duka lake la vipuri vya baiskeli pale Ngamiani, nyumba mbili alizojenga, hija aliyokwenda, na idadi ya watoto na wajukuu aliowaacha. Siku ya khitima kaka yangu aliyasoma maneno hayo kwenye kipaza sauti mbele ya wanaume, nami nikiwa uani pamoja na akina mama nilisikiliza kwa fahari kubwa. Alipomaliza, mzee mmoja akasema kwa sauti iliyotufikia hadi huko nyuma: "Hayo ya duka tunayajua sote, mwanangu. Mbona golikipa wetu hamkumtaja?" Wazee wenzake wakaitikia. Maneno yale bado yananichoma, na sitaki kujifanya kwamba nimeyasahau.

Si kwamba sikujua kuwa baba alicheza mpira. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda, na tangu utoto wetu tuliambiwa kwamba ni mpira uliokipinda. Lakini katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumuuliza ulikuwa mpira wa nani, siku gani, na je, alifungwa au aliudaka. Ndugu msomaji, kama mzazi wako mwingine bado yu hai, kamuulize leo. Usingoje sikukuu wala likizo.

Baada ya khitima ile nilimwomba ami yangu anipeleke kwenye baraza ambako baba alikuwa akinywa kahawa kila jioni. Wazee walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mpira na biashara ya baba vilikuwa na chanzo kimoja, nacho ni kambi ya wakata mkonge karibu na Pongwe alikozaliwa, ambako vijana walicheza kila Jumapili na yeye akawekwa golini kwa kuwa alikuwa mrefu na hakuogopa kuanguka. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, mwaka 1893 ulikuwa umeulisha mkoa huu kwa miongo mingi, na mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Lakini nyuzi za plastiki zilipoenea duniani na bei ikaporomoka, babu alipoteza kazi, na baba akaja mjini akiwa kijana mdogo, mkononi ana spana mbili tu. Timu ya mtaa ndiyo iliyompa marafiki, na marafiki hao ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza alipokaa chini ya mwarobaini kuziba pancha. Bila goli lile duka lisingekuwapo, na mimi nilikuwa nimeliandika duka peke yake, kana kwamba liliota lenyewe!

Wazee walinieleza pia jambo ambalo baba hakuwahi kulisema nyumbani. Mwaka 1983, serikali ilipoendesha msako wa wahujumu uchumi, yaani watu waliotuhumiwa kuficha bidhaa na kufanya magendo, wako wafanyabiashara walioficha au kutupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Baba alikuwa na tairi 12 za baiskeli, akaziacha mbele ya duka, na stakabadhi zake akazitundika kwenye msumari ukutani. Mama anakumbuka kwamba wiki ile hakulala vizuri, lakini duka halikufungwa hata siku moja.

Kuhusu baba kama mzazi, nilidhani sihitaji kumuuliza mtu yeyote, na hapo pia nilikosea. Mwaka 1988, timu yetu ya Tanga, Coastal Union, ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, nilikuwa na umri wa miaka kumi, na baba alikuwa akinipakia kwenye baiskeli na kunipeleka uwanja wa Mkwakwani. Nilikumbuka karanga na kelele za mashabiki. Ni wazee walionikumbusha kwamba baadhi ya watu walimsema kwa kumpeleka mtoto wa kike uwanjani, naye akawajibu kwamba mwanawe ana macho kama watoto wengine. Alinilinda dhidi ya maneno ambayo mimi mwenyewe sikuyasikia hadi alipokwisha kuondoka. Watoto hatumjui mzazi kwa kuwa tunakaa naye. Tunamjua kwa kuuliza, na kuuliza ni wajibu ambao wengi wetu tunaupuuza hadi sanda inaponunuliwa.

Kisha kuna daftari la madeni. Mazikoni tulitangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia. Waliojitokeza zaidi ni wale waliodaiwa na yeye. Mmoja wao, aliyekuwa beki wake wakati wa ujana, alileta fedha za tairi na tyubu mbili alizochukua zamani. Tulipofungua daftari tukakuta, kwa mwandiko wa baba, mbele ya jina lake: "Amelipa." Yule mzee aliapa kwamba hajawahi kulipa hata senti. Tulipoendelea kufungua kurasa tulikuta majina mengine ya namna hiyo, na wenyewe, tulipowauliza, walisema vivyo hivyo. Mimi niliyeandika orodha ya nyumba na safari nilikuwa na daftari hilo ndani ya kabati, mita chache kutoka mahali nilipokaa kuandika, na sikulifungua.

Arobaini ya baba yako haijafika, kwa hiyo nafasi unayo kuliko niliyokuwa nayo mimi. Weka kalamu kando kwanza. Waulize wenzake wa kazini, wenzake wa michezo kama alikuwa nao, na wale aliowakopesha. Kisha waulize tena, kwa maana mara ya kwanza watu husema yale ya heshima tu. Na kama duka bado limefungwa, waombe ndugu zako walifungue asubuhi moja, ukae mlangoni na daftari lake, uwasikilize watakaosimama kutoa pole.