Maswali ya Wasomaji: Plasta ya Ndani, Ibomolewe au Izibwe?

Assalaam alaikum. Rangi ya sebule yetu imeanza kubanduka na kuna nyufa karibu na dirisha. Fundi aliangalia kwa macho tu, akasema kuta zote nne zibomolewe zipigwe plasta upya. Nitajuaje kama ni kweli? – Mama mwenye nyumba, Kisauni

Waalaikum salaam, mama. Kwa macho pekee hakuna ajuaye. Rangi hubanduka hata juu ya plasta nzima, hasa ikiwa ilipakwa ukuta ukiwa bado mbichi, na kwa unyevu wa huku pwani hilo ni jambo la kila siku. Plasta hupimwa kwa sikio.

Chukua mpini wa bisibisi ugonge ukuta kila sentimita 20, ukitoka chini kwenda juu. Paliposhikamana hutoa sauti kavu na fupi. Palipoachana na ukuta hulia kama ngoma, na ukipabonyeza kwa kiganja wakati mwingine utahisi panacheza. Pazungushie chaki. Ukimaliza, rudi nyuma utazame michoro yako: ikiwa ni viraka vya ukubwa wa kiganja hapa na pale, visivyocheza, hakuna haja ya kubomoa. Sehemu kubwa kuliko hapo, au inayocheza, ikatwe izibwe. Ukiona chaki imekula thuluthi ya ukuta au zaidi, hapo fundi ana haki, lakini ni kwa ukuta huo, si kwa vyote vinne.

Kisha kwaruza kwa msumari wa inchi 3. Plasta nzuri huacha mstari tu. Ikimwaga mchanga na msumari ukazama, saruji ilikuwa chache, au mchanganyiko ulikauka haraka bila kumwagiwa maji. Plasta ya namna hiyo haitibiki kwa rangi wala kwa skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta). Chochote utakachopaka juu kitabanduka nayo.

Nyufa za dirishani zahitaji subira. Weka alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa, andika tarehe, na upake kidonge cha plasta paris katikati yake. Angalia tena baada ya wiki kadhaa. Kidonge kikipasuka au ufa ukivuka alama, nyumba inasogea, na kupiga plasta ni kupoteza pesa kabla sababu haijajulikana. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha unaoonekana pia upande wa nje, au unaozidi upana wa milimita 5, mwite mhandisi. Vivyo hivyo ukiona ufa ulionyooka kufuata boriti ya zege au dari, wenye madoa ya kutu: nondo zinaoza ndani, na hilo si kosa la plasta kabisa. Plasta inayolia darini iondolewe mara moja, hata kama ni kipande kidogo, maana itamwangukia mtu.

Nyumba yetu Kibokoni ni ya mawe ya matumbawe. Ukuta wa chini hutoa unga mweupe na plasta humomonyoka hadi kimo cha kiuno. Tumeipiga upya kwa saruji mara mbili, inarudi vile vile. Tufanye nini? – Msomaji, Mji wa Kale

Saruji ndiyo shida. Nyumba kama yenu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta huo hunywa maji ya ardhini kisha huyapumulia hewani. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa njia: hupanda juu zaidi au husukuma plasta kutoka nyuma. Ule unga mweupe ni chumvi inayobaki maji yanapokauka. Chembe zake zikikua ndani ya plasta huipasua, ndiyo maana hata kazi safi huharibika.

Kabla ya kubomoa lolote, tafuteni maji yanatoka wapi. Kagueni bafu lililo upande wa pili, mabomba, mifereji ya paa na kimo cha udongo nje; udongo ukiwa juu kuliko sakafu ya ndani, uchimbeni uondoke. Bandikeni karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, mzibe kingo kwa utepe, muiache siku nzima. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani na dawa yake ni kufungua madirisha.

Mkishayazuia maji yanayozuilika, ondoeni saruji yote hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Kwangueni viungo kati ya mawe kiasi cha milimita 20. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Mkiiosha kwa maji inarudi ndani. Acheni ukuta wazi ukauke, wiki nyingi ikiwezekana, na msianze wakati wa masika. Plasta mpya iwe chokaa 1 kwa mchanga safi 3. Chokaa ya mfuko iloweke siku nzima kabla ya kuchanganya, na mvae glavu na miwani kwani huunguza macho. Kila koti (tabaka la plasta) lisizidi milimita 10, na linalofuata lisubiri la kwanza ligumu, wiki moja au zaidi, likinyunyiziwa maji kidogo. Malizieni kwa kupaka chokaa. Rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi, kwa hiyo kabla ya kazi kubwa ulizeni ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa.

Kuta zangu zina nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kote, lakini zikigongwa hazilii. Nibomoe? – Mpangaji, Likoni

La. Plasta ilinywea ilipokauka, ama kwa saruji nyingi ama kwa kusuguliwa kupita kiasi. Jaza kwa fila (lipu laini ya kuzibia nyufa), piga msasa, paka rangi.

Nataka kupiga plasta chumba kimoja. Nihitaji saruji kiasi gani, na kwa nini plasta mpya hupasuka? – Msomaji, Changamwe

Kwa ukuta wa matofali ya saruji, unene wa milimita 15 na mchanganyiko wa 1 kwa 5, mfuko mmoja wa kilo 50 hufika mita 10 za mraba, pamoja na debe 9 za mchanga. Saruji ya daraja la nguvu 32.5 yatosha. Mabonge yasiyopondeka kwa vidole ni dalili kwamba imevuta unyevu dukani, irudishe.

Mchanga wa ufuoni usikubaliwe hata ukipewa bure: chumvi yake huvuta unyevu milele. Mchanga mwingine upime kwa chupa. Tia kiasi cha sentimita 10, jaza maji, tikisa, acha utulie. Tope la juu likizidi sentimita 1, mchanga huo utapasua plasta.

Zima umeme wa chumba kabla ya kuchimbua ukuta. Piga brashi, lowesha, kisha tupia koti jembamba la saruji na mchanga lenye majimaji, uliache ligumu hadi siku ya pili. Bila koti hilo plasta hushika kwa bahati tu. Changanya kinachoisha kwa saa moja. Kilichoanza kuganda kisifufuliwe kwa maji. Halafu nyunyizia ukuta asubuhi na jioni kwa siku 7, na wakati wa kaskazi funga madirisha ya upande wa upepo. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbia kazi. Rangi isubiri wiki 4 au zaidi, hadi jaribio la nailoni litoke kavu.